Mkate wa kumimina

Mkate wa kumimina ni mkate laini wa mchele na tui la nazi, unaoumuliwa kwa hamira na kuokwa ndani ya sufuria au sinia kwa moto wa chini na wa juu. Hupikwa hasa katika pwani ya Afrika Mashariki na visiwa vya Zanzibar, na pia katika maeneo ya bara yaliyo karibu na pwani, kama vile Korogwe katika Mkoa wa Tanga, nchini Tanzania. Huliwa pamoja na chai wakati wa kifungua kinywa, na katika mwezi wa Ramadhani huandaliwa kwa futari.

Rojo lake humiminwa lote kwa pamoja, bila kukandwa, kusukumwa wala kukatwa kimoja kimoja kama maandazi au chapati. Kwa hiyo mkate mmoja hutosha familia, na mikate michache hulisha watu wengi waliokusanyika kwa harusi, maulidi au msiba. Ugumu wake uko katika mambo mawili: kujua rojo limeumuka kiasi gani, na kugawa moto kati ya juu na chini.

## Jina

Jina linatokana na kitenzi "kumimina", yaani kumwaga kitu cha majimaji kutoka chombo kimoja hadi kingine. Linautofautisha mkate huu na mikate ya unga unaokandwa. Katika sehemu nyingine za pwani huitwa pia mkate wa sinia, kutokana na chombo unachookewa, au mkate wa mchele.

## Tofauti na vyakula vinavyofanana nao

* Kitumbua hutengenezwa kwa rojo linalokaribia kuwa lilelile, lakini hukaangwa kwa mafuta katika kikaango chenye vishimo, kimoja kimoja.
* Mkate wa mayai ni wa unga wa ngano na mayai yaliyopigwa hadi kuvimba, hauna tui.
* Chapati za maji pia humiminwa, lakini ni nyembamba na kwa kawaida hazitiwi hamira.

## Mahitaji

Kwa mkate mmoja wenye upana wa sentimita 25 hivi, unaotoa vipande 8:

* mchele mweupe mbichi, gramu 500
* tui zito la nazi, mililita 400 (nazi moja kubwa au mbili ndogo)
* sukari, gramu 150
* hamira ya chenga, kijiko 1 cha chai
* iliki iliyosagwa, nusu kijiko cha chai
* ute wa yai moja (si lazima)
* chumvi kidogo
* mafuta au samli ya kupaka sufuria

Mchele uliokwisha kuchemshwa kidogo kiwandani haufai, kwa kuwa wanga wake umeshabadilika na rojo lake halishikani vizuri. Kabla ya hamira ya dukani kuenea, tembo la mnazi lilitumika pwani kuumulia mikate na vitumbua.

## Korogwe na upatikanaji wa mahitaji

Korogwe ni mji ulio kando ya mto Pangani, chini ya milima ya Usambara. Reli iliyoanzia Tanga ilifika hapo mwaka 1902, na leo barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha hupitia mjini hapo. Kwa sababu hiyo bidhaa za pwani na za milimani hukutana Korogwe, nayo mahitaji ya mkate huu ni mfano mzuri. Mchele hulimwa katika mashamba ya umwagiliaji ya Mombo, ndani ya Wilaya ya Korogwe. Nazi hutoka upande wa pwani, hasa Pangani, Muheza na Tanga. Iliki hulimwa katika Usambara Mashariki, na chai inayonywewa pamoja na mkate hulimwa katika milima hiyohiyo.

Handeni, iliyo kusini mwa Korogwe, ni kavu zaidi na inajulikana kwa mahindi. Huko mkate wa kumimina unaweza kuwa chakula cha sikukuu na wageni zaidi kuliko cha kila siku.

## Namna unavyoumuka

Hamira hula sukari na kutoa gesi ya kaboni dioksidi. Katika mkate wa ngano gesi hiyo hunaswa na glutini, protini inayovutika kama mpira unga unapokandwa. Mchele hauna glutini. Mapovu yake hushikiliwa na uzito wa rojo lenyewe, wanga uliosagwa laini, na ute wa yai kama umetiwa. Ndiyo maana mkate huu haustahimili kusubiri: rojo lililoumuka kupita kiasi hupasua mapovu yake, likashuka na kuchachuka, na halipandi tena likiwa motoni.

Muda wa kuumuka hutegemea joto. Mjini Korogwe, ambako hali ya hewa ni ya joto, dakika 45 hadi saa moja na nusu kwa kawaida hutosha. Lushoto, mji ulio juu milimani, rojo lilelile huchukua muda mrefu zaidi. Kwa hiyo wapishi hutazama rojo kuliko saa: huwa tayari likiwa limepanda karibu nusu ya kimo chake cha mwanzo na uso wake umejaa mapovu madogo.

## Matayarisho

Mchele huoshwa hadi maji yawe meupe kidogo tu, kisha hulowekwa kwa saa 6 hadi usiku kucha. Punje iliyolowana vizuri huvunjika kwa urahisi ikibanwa kwa vidole. Maji humwagwa na mchele huchujwa.

Mchele husagwa kwa blenda pamoja na tui hadi rojo liwe laini bila chenga. Pasipo blenda, mchele uliolowekwa hutwangwa kwenye kinu na kuchekechwa, kisha unga wake hukorogwa kwa tui. Rojo linalofaa ni zito kama uji mzito: likichotwa kwa upawa humiminika polepole bila kukatika. Likiwa jepesi mno, mkate hubaki na tabaka lenye majimaji chini. Likiwa zito mno, huwa mkavu na kupasuka.

Sukari, iliki, chumvi na hamira huongezwa mwisho. Sukari nyingi kupita kiasi huchelewesha hamira na huunguza mkate upande wa chini. Bakuli hufunikwa na kuwekwa mahali penye joto. Ute wa yai, uliopigwa kidogo, huchanganywa taratibu muda mfupi kabla ya kumimina.

## Kuoka

### Kwa mkaa

Sufuria pana hupakwa mafuta chini na pembeni, kisha hupashwa moto. Rojo likimiminwa kwenye sufuria baridi hunata. Makaa ya chini huwa machache. Sufuria hufunikwa, na baada ya dakika 10 hadi 15 kingo huanza kushikana na matundu hujitokeza juu. Hapo mkate hupaliwa, yaani makaa huwekwa juu ya kifuniko cha bati au sinia, na yawe mengi kuliko ya chini. Baada ya dakika nyingine 10 hadi 15 uso huwa wa rangi ya kahawia. Njiti safi ikichomwa katikati hutoka kavu.

Baadhi ya wapishi hawapalii. Mkate ukishashika, hupindua sufuria yote ili uso wa mkate uelekee kwenye jiko lenye makaa. Njia hii ni ya haraka, lakini mkate ambao haujashika huanguka motoni.

### Kwa gesi au oveni

Katika oveni mkate huokwa kwa nyuzi 180 za Selsiasi kwa dakika 30 hadi 35. Kwenye jiko la gesi lisilo na oveni, huivishwa chini kwa moto mdogo sana ukiwa umefunikwa, kisha hugeuzwa kwa uangalifu kwenye kikaango kingine kilichopakwa mafuta ili upande wa juu upate rangi.

Mkate hupozwa kwa dakika 15 hivi kabla ya kukatwa. Ukikatwa ukiwa wa moto sana huonekana mbichi ndani na hung'ang'ania kisu.

## Kupikia watu wengi

Katika msiba, kwa mfano, ndugu na majirani waliolala matanga huhitaji chai mapema asubuhi, na wanaopika ni wale wale waliokesha. Mkate wa kumimina hufaa kwa kuwa sehemu ya kazi hufanyika jioni. Mikate 7 hutoa vipande 56, vinavyotosha watu 50 kipande kimoja kimoja na akiba kidogo. Mahitaji yake ni mchele kilo 3.5, tui lita 2.8 na sukari zaidi kidogo ya kilo 1.

Kosa la kawaida ni kutia hamira kwenye ndoo nzima kwa wakati mmoja. Kila mkate huchukua nusu saa au zaidi motoni. Ukiwa na majiko mawili, mikate 7 huhitaji awamu 4, yaani zaidi ya saa mbili. Rojo la awamu ya kwanza litakuwa sawa, lakini la mwisho litakuwa limeshuka na kuchachuka, na waliofika mwisho watapewa mkate mgumu. Dawa yake ni kuweka rojo lisilo na hamira mahali pa baridi, kuligawa katika vyombo vinne, na kutia hamira katika kila chombo saa moja kabla ya zamu yake.

Kwa chai ya saa 1 asubuhi, ratiba inaweza kuwa hivi:

* Jioni: kuosha na kuloweka mchele, kukuna nazi itakayokamuliwa usiku.
* Saa 8:30 usiku: kukamua tui na kusaga mchele.
* Saa 9:30 usiku: hamira katika chombo cha kwanza (mikate 2).
* Saa 10:05 alfajiri: hamira katika chombo cha pili (mikate 2).
* Saa 10:30: mikate ya kwanza motoni.
* Saa 10:40: hamira katika chombo cha tatu (mikate 2).
* Saa 11:05: mikate ya pili motoni.
* Saa 11:15: hamira katika chombo cha nne (mkate 1).
* Saa 11:40: mikate ya tatu motoni.
* Saa 12:15 asubuhi: mkate wa mwisho motoni; mikate ya kwanza huanza kukatwa.

Mwenye jiko moja tu hupunguza idadi ya mikate na kuongeza chakula kingine, kama vile viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha.

## Kasoro na sababu zake

* Mkate mzito usio na matundu: hamira ilikuwa imekufa, au rojo halikuumuka vya kutosha. Hamira hujaribiwa katika maji ya uvuguvugu yenye sukari. Isipotoa povu ndani ya dakika 10 haifai.
* Katikati pameshuka: rojo liliumuka kupita kiasi, au kifuniko kilifunuliwa mapema.
* Chini pameungua na juu ni pabichi: makaa ya chini yalikuwa mengi.
* Chengachenga mdomoni: mchele haukulowana au haukusagwa vya kutosha.
* Ladha ya uchungu au harufu kali: tui lilikuwa limeharibika.

## Usalama

Jiko la mkaa hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayozuia damu kubeba oksijeni na inayoweza kuua. Makaa ya juu na ya chini kwa saa kadhaa ni mengi kuliko ya mapishi ya kawaida, na alfajiri yenye baridi au mvua huwashawishi wapishi kuingiza majiko ndani. Mkate huu huokwa nje au mahali penye hewa ya kutosha. Jiko lenye makaa yaliyobaki haliingizwi katika chumba wanamolala watu, hata kama moto unaonekana umefifia.

Tui huharibika haraka katika joto, kwa hiyo hukamuliwa karibu na wakati wa kusaga na haliachwi usiku kucha bila jokofu. Mchele unaweza kuwa na mbegu za bakteria *Bacillus cereus* ambazo haziuawi na moto wa kupikia, na huongezeka chakula kikiachwa kwenye joto la kawaida kwa saa nyingi. Mkate uliobaki huliwa siku hiyohiyo au huwekwa kwenye jokofu.

## Ulaji

Mkate hukatwa kama keki na kuliwa na chai ya rangi au ya maziwa, peke yake au pamoja na mbaazi za nazi, maharage au mchuzi wa samaki. Ukipikwa kwa sukari kidogo, kipande huweza kupasuliwa katikati na kutiwa yai la kukaanga au nyama ya kusaga, kama sandwichi. Kwa kuwa hauna ngano, unafaa pia kwa watu wasioweza kula glutini, mradi haujaongezwa unga wa ngano.

## Tazama pia

* Andazi
* Chapati
* Kitumbua
* Nazi