Madarasa ya MMEM: Fedha za Wafadhili na Elimu ya Msingi Tanzania

Misaada ya nje katika elimu ya msingi ya Tanzania ilitangulia Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ingawa ndio unaokumbukwa zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya Mwalimu Julius Nyerere kutangaza falsafa ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, serikali ilishirikiana na UNICEF na UNESCO katika mpango ulioitwa MTUU, uliolenga mtaala na mafunzo ya walimu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikuwa na haraka zaidi: lilitaka kila mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule awe ameandikishwa ifikapo 1977, na kwa kuwa vyuo havikuweza kutoa walimu wa kutosha, vijana waliomaliza darasa la saba walijifunza ualimu huku wakifundisha.

Katikati ya miaka ya 1980, uchumi ukiwa taabani, serikali yenyewe ilirudisha michango ya wazazi, kisha masharti ya mikopo ya Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa yakazidi kubana matumizi ya huduma za jamii, na uandikishaji ukashuka. Benki hiyo hiyo ndiyo iliyotoa, mwaka 2001, mkopo wa masharti nafuu wa dola milioni 150 kwa ajili ya MMEM, mpango uliofuta ada, huku Kanada, Uholanzi, Sweden na wengineo wakichangia mfuko wa pamoja.

Wanafunzi waliongezeka kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 8 mwaka 2007. Ruzuku ya maendeleo ilijenga madarasa chini ya usimamizi wa kamati za shule, na kazi hiyo, kwa haki, ilifanyika vizuri kuliko wengi walivyotarajia. Ruzuku ya uendeshaji, iliyokusudiwa kuwa dola 10 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, ndiyo iliyopungukiwa njiani, kwa kuwa darasa jipya huonekana na kila mkaguzi, ilhali vitabu visivyonunuliwa na mafunzo ya walimu yaliyofupishwa havina jiwe la msingi. Elimu bila ada ilipotangazwa upya kuanzia 2016, ruzuku hiyo ilihesabiwa kwa shilingi 10,000, ambazo kwa wakati huo hazikufikia dola 5.