Fungu la wagonjwa wa akili lilivyoipita Rungwe

Kabla serikali yoyote haijatenga senti kwa ajili ya mgonjwa wa akili, Wanyakyusa wa Rungwe walikuwa na bajeti yao: ng'ombe wa msibani. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti huku pamoja na mumewe Godfrey kati ya 1934 na 1938, aliandika kwamba watu waliamini asiyetimiza mila za mazishi ya mzazi wake angeweza kurukwa na akili. Basi ukoo ulichanga, ng'ombe wakachinjwa, na gharama zote zikaishia nyumbani.

Utawala wa kikoloni ulikuwa na hesabu nyingine. Wakati wa Wajerumani, mji wa Tukuyu hapa Rungwe ukiitwa Neu-Langenburg, wagonjwa wa akili walikuwa na hospitali yao Lutindi, milima ya Usambara. Ilikuwa ya wamisionari, iliyoanza 1896 kama makazi ya watoto waliokombolewa utumwani. Waingereza wakafungua Mirembe, Dodoma, mwaka 1927, na kwa miaka mingi fedha za serikali za ugonjwa huu zilielekea huko. Sheria yao ilishughulika sana na hakimu, polisi na amri ya kumweka mtu ndani. Kwa maoni yangu, walicholipia hasa ni utulivu wa mitaa. Tiba ilifuata nyuma. Mgonjwa wa Rungwe aliyeonekana hatari angeweza kupelekwa Dodoma, mbali na ndugu na mbali na Kinyakyusa chake. Aliyekaa kimya nyumbani hakumgharimu mtu wa serikali chochote.

Baada ya Uhuru lilikuja wazo ambalo bado nalipenda. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 vilianzishwa vijiji vya kilimo ambamo waliopata nafuu waliishi na kulima huku wakiendelea na dawa. Wazo hilo lingeifaa Rungwe, ambako mgomba haumwombi anayeupalilia cheti cha daktari.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukaja mpango wa kitaifa, ukisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na Denmark, wa kuishusha huduma hadi zahanati. Mikoa ya majaribio ilikuwa Kilimanjaro na Morogoro. Nyanda za Juu Kusini, Rungwe ikiwemo, zikangoja zamu yao, na fedha za mfadhili zina tabia ya kuondoka na mfadhili.

Mwaka 1993 uchangiaji wa gharama za matibabu ukaanza katika hospitali za serikali. Wagonjwa wa akili wamo katika orodha ya wenye msamaha, na Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 iliiondoa ile ya kikoloni. Kwenye karatasi, mambo yamenyooka.

Siku hizi halmashauri ndiyo inayopanga. Katika mpango wake wa afya, ugonjwa wa akili hukaa fungu moja na magonjwa mengine yasiyoambukiza, kwa hiyo hugombea shilingi na kisukari na shinikizo la damu, ambavyo angalau vina vipimo vya kumwonyesha diwani. Klopromazini, dawa ya ugonjwa wa akili, ikikosekana wilayani, msamaha haununui kidonge dukani, wala haulipi nauli ya kwenda Mbeya. Hapo ukoo unachanga tena, na safari hii hakuna kanuni inayosema nani atoe ng'ombe.