Lemera, hospitali iliyo juu ya Ruzizi

Mwaka 1983 Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji wa Bukavu, alimaliza udaktari Burundi akaenda kufanya kazi Lemera, hospitali ya Wapentekoste iliyo mlimani juu ya bonde la Ruzizi, teritori ya Uvira, mashariki mwa Kongo. Alikusudia kutibu watoto. Mlimani alikuta akina mama wakiletwa kwa kipoyi, yaani machela ya kubebwa mabegani, uchungu umewakaa muda mrefu mno, mtoto ameshafia tumboni. Waliopona, baadhi yao walibaki na fistula, mkojo ukiwatoka bila kuzuilika, na waume wakiwakimbia. Akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake, na mwaka 1989 akarudi kulekule mlimani. Kurudi huko ndiko kunakonifanya nimheshimu kuliko tuzo zote.

Tarehe 6 Oktoba 1996 watu wenye silaha waliingia Lemera wakaua wagonjwa vitandani na wauguzi wao, zaidi ya watu 30. Daktari alikuwa ameteremka Bukavu. Siku 17 baadaye Laurent-Désiré Kabila na wenzake watatu waliunda kundi la waasi la AFDL kwa mkataba ulioitwa Mkataba wa Lemera. Vitabu vingi vinaijua Lemera kwa karatasi hiyo, si kwa makaburi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 iliyaandika mauaji hayo, lakini hadi leo hakuna aliyehukumiwa.

Mukwege akaanzisha hospitali ya Panzi, Bukavu, mwaka 1999. Alitaka wanawake wajifungue salama; wakaanza kuja waliobakwa na kuchanwa kwa risasi. Akashona, na waliopona wengine wakarudishwa kwake wamebakwa tena. Ndipo alipoanza kudai mahakama ya kimataifa kwa ajili ya Kongo. Mwaka 2012 alishambuliwa nyumbani kwake, 2018 akapata Nobel ya Amani, na Oktoba 2023 akatangaza kugombea urais.

Kura zilipigwa Desemba. Hakufikisha hata asilimia moja: jina lililojulikana Oslo halikuwa na chama chenye mizizi vijijini. Lakini teritori ya Rutshuru, Kivu Kaskazini, haikupiga kura kabisa. Waasi wa M23 walikuwa wameshika mji wa Rutshuru na Kiwanja tangu Oktoba 2022, na tume ya uchaguzi, CENI, haikuandaa uchaguzi huko wala Masisi. Wanawake wa Kishishe, kule Bwito katika teritori hiyohiyo ya Rutshuru, waliozika watu wao baada ya mauaji ya Novemba 2022, hawakupata nafasi ya kusema kama wanaitaka mahakama ile anayoidai daktari wa Lemera.