KIA: uwanja wa miji miwili, safari ya nani?

Wadau, kuna ubishi wa zamani ambao watu wa kaskazini tumeuzoea kama utani. KIA ni ya Moshi au ya Arusha? Mtu wa Moshi atakwambia ni ya kwao, iko wilaya ya Hai na imebeba jina la mlima wao. Mtu wa Arusha atacheka na kukuuliza, hao wageni wakishashuka wanaelekea wapi? Mimi nadhani ubishi huu umeficha swali kubwa zaidi: uwanja ulipowekwa katikati ya miji miwili, nani aliachiwa mzigo wa kufika huko?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1967 nchi tatu zilitia saini mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na Arusha ikawa makao makuu. Lakini Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilikuwa na makao yake Nairobi, na mtalii aliyetaka kuona Serengeti au Ngorongoro kwa kawaida alishukia huko huko, akalala huko, akakodi gari huko, halafu akaingia kwetu kupitia Namanga. Sisi tulikuwa na wanyama, majirani walikuwa na uwanja. Serikali ya Mwalimu ikaamua kukata mzizi wa fitina. Kwa mkopo kutoka Italia ukajengwa uwanja mpya kwenye tambarare iliyo kati ya Moshi na Arusha, ukafunguliwa Desemba 1971. Njia yake ya kurukia ina urefu wa mita 3,600 hivi, yaani ndege kubwa kutoka Ulaya inatua bila wasiwasi.

Kwa nini pale na si mjini? Ardhi tambarare, nafasi tele, na miji miwili inahudumiwa kwa mpigo mmoja. Hesabu nzuri kwenye karatasi. Ila matokeo yake ni kwamba Arusha iko karibu kilomita 50 na Moshi kama 40. Reli ya kwenda Arusha ilikuwapo tangu 1929, miaka 42 kabla ya uwanja, lakini uwanja haukuunganishwa nayo. Kila kitu kikaachiwa barabara moja ya Moshi–Arusha.

Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, shirika la ndege la pamoja likafa, na mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983. Air Tanzania ilizaliwa mwaka huo huo wa 1977. Wengi walidhani sasa KIA itashamba kwa wageni, kwani mlango wa Nairobi umefungwa. Haikuwa hivyo. Utalii wetu ulidorora, na mpaka ulipofunguliwa mabasi madogo ya Nairobi–Arusha yakarudi kupakia wageni wale wale. Uwanja peke yake hauvuti mtu. Anavutwa na safari nzima, mpaka mlangoni mwa hoteli.

Mwaka 1998 uendeshaji ulikabidhiwa kampuni ya KADCO, ambamo wageni walikuwa na hisa nyingi kuliko serikali. Baadaye serikali ikazinunua hisa zote, na mwaka 2023 uwanja ukarudishwa chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege. Mmiliki amebadilika mara kadhaa, barabara ni ile ile.

Mtalii hana shida, gari la kampuni yake linamsubiri nje. Mashirika ya ndege nayo yamewahi kuwa na mabasi yao ya kupeleka abiria mjini. Lakini mama anayetoka kumuuguza ndugu Dar, au mwanafunzi mwenye begi moja? Huyo ama akodi teksi, ama atafute pikipiki ya kumfikisha njia panda ya KIA, asubiri Coaster ya Arusha au Moshi. Barabara ya njia nne kutoka Sakina ilipojengwa, kilomita 14.1, iliishia Tengeru. Nusu ya safari haijafika.

Ndiyo maana uwanja mdogo wa Arusha, ule wa Kisongo, hauishiwi wateja. Uko jirani na mji. Desemba 2013 hata Boeing 767 ya Ethiopian iliyokuwa inakwenda KIA ilitua pale kimakosa, kwenye njia ya mita 1,600 na ushee, na abiria wakakaa ndani wakisubiri kwa kuwa hapakuwa na ngazi ya kuifikia. Tulicheka sana. Lakini abiria wa kawaida wanaokwenda Kisongo hawapotei, wamepiga hesabu ya nauli ya teksi.

Waliojenga KIA walitaka tusitegemee mlango wa jirani. Lengo lilikuwa sahihi na mlango tunao. Kilichobaki ni basi la umma lenye ratiba, linalongoja ndege ya usiku kama linavyongoja ya mchana, kwenda miji yote miwili. Hilo halihitaji mkopo wa Italia.

Naomba kutoa hoja.