Duma (albamu)

Duma ni albamu ya kwanza ya kundi la watu wawili kutoka Nairobi lenye jina hilohilo: mwimbaji Martin Khanja, anayejulikana kama Lord Spikeheart, na Sam Karugu, mpiga gitaa na mtayarishaji. Ilirekodiwa Kampala mwaka 2019, ikatolewa Agosti 2020 na Nyege Nyege Tapes, lebo ya Uganda. Wimbo mmoja, "Uganda with Sam", umebeba nchi hiyo katika jina lake.

Wote wawili walitokea katika bendi za metali za Nairobi. Bendi hizo zilikuwa Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura. Hasira ya muziki wao ina undugu na panki ya krasti na grindikoo, mitindo iliyochipuka Uingereza miaka ya 1980 kupitia bendi kama Amebix na Napalm Death. Lakini hapa hakuna mpiga ngoma. Midundo ni ya kompyuta, inakimbia kwa kasi isiyowezekana kwa mikono ya mtu, na imepotoshwa hadi inakwaruza masikio. Juu yake Khanja anapiga mayowe, ananguruma, anakoroma. Maneno mengi hayashikiki, wala albamu haipungukiwi kwa hilo: nguvu yake yote imo kooni. Ni miongoni mwa rekodi zenye ujasiri mkubwa kutoka Afrika Mashariki.

Mwaka 2024 Khanja alitoa albamu yake binafsi, The Adept, kupitia lebo aliyoianzisha mwenyewe, Haekalu.