Filta ya hewa ya lori: Ya kuosha au ya kutupa?

MWENYE lori mjini Isiolo ana mengi ya kuhesabu kabla ya safari: dizeli, magurudumu, posho ya dereva na utingo. Filta ya hewa huwa haimo katika hesabu hiyo hadi siku injini inapoanza kutoa moshi mweusi na kushindwa na mlima.

Hapo ndipo swali huzuka. Je, anunue filta ya karatasi ambayo itatupwa ikishajaa vumbi, au atoe pesa nyingi zaidi mara moja na kununua ile ya kitambaa cha pamba iliyopakwa mafuta, ambayo huoshwa, hukaushwa, hupakwa mafuta upya na kurudishwa mahali pake?

Kwa lori lisilotoka kwenye lami, swali hili si zito. Barabara ya Isiolo hadi Moyale, kilomita zipatazo 500, ilikamilika kutiwa lami katika miaka ya 2010, baada ya miongo mingi ya mawe na vumbi. Lakini mifugo haiuzwi kando ya lami pekee. Lori linalofuata mbuzi na ng'ombe Merti au North Horr, au linalotoka Laisamis kuelekea Loiyangalani, bado hupita kwenye changarawe na mchanga, na yakiandamana malori mawili, la nyuma hula vumbi la la mbele.

Injini ya dizeli ya lita 8 inayozunguka mara 2,000 kwa dakika huvuta takriban lita 8,000 za hewa katika dakika hiyo moja, kabla ya kuhesabu hewa ya ziada inayosukumwa na tabo. Hewa yote hiyo hupitia kwenye filta moja.

Vumbi linalodhuru zaidi si lile linalokwaruza macho ya utingo. Ni chembe zilizo ndogo mara kadhaa kuliko upana wa unywele, ambazo hupenya kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Zikichanganyika na oili hugeuka msasa, na baada ya muda injini hula oili, hupoteza nguvu na hatimaye hulazimu kufunguliwa. Lori likiwa gereji, mkopo wa benki hausimami, na mnunuzi wa mbuzi Kiamaiko, Nairobi, hamngojei mtu.

Karatasi iliyokunjwa vyema huzuia zaidi ya asilimia 99 ya uzito wa vumbi. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kuwa filta hiyo huchuja vizuri zaidi baada ya kupata vumbi kidogo, kwani tabaka hilo lenyewe huwa kichujio. Anayeifungua kila jioni kuikung'uta hujidhuru mara mbili: huondoa tabaka hilo, na kila anapofungua kifuniko huhatarisha kuangusha vumbi upande ulio safi.

Filta ya pamba hupitisha hewa kwa urahisi, ndiyo sababu wapenzi wa mbio za magari huithamini. Matundu yake ni makubwa, na hutegemea mafuta kunasa vumbi. Mafuta yakiwa machache, vumbi jembamba hupita. Yakizidi, huweza kuchafua sensa ya hewa katika injini za kisasa. Tena huhitaji maji na muda wa kukauka. Jua la Merti hukausha upesi, lakini upepo wa huko huirudishia vumbi kabla haijapakwa mafuta.

Madereva wazee watasema kuwa malori yao ya zamani yalitumia filta ya bakuli la oili, iliyomwagwa tope, ikaoshwa na kujazwa oili nyingine. Ni kweli, na ilikuwa imara. Hata hivyo, uchujaji wake hupungua injini inapozunguka polepole, na injini za tabo za leo hudai hewa safi zaidi.

Kwa hakika, filta inayotumiwa tena na tena katika gereji nyingi si ya pamba hata kidogo. Ni ile ile ya karatasi, iliyogongwa kwenye gurudumu kisha ikapigwa upepo wa kompresa. Baadhi ya watengenezaji hukataza jambo hilo kabisa. Wanaoliruhusu huagiza upepo mdogo, takriban pauni 30, upulizwe kutoka ndani kwenda nje. Kompresa ya kujaza magurudumu ya lori hufikia pauni 100 na zaidi. Karatasi hutoboka kwa tundu ambalo jicho halilioni, na filta hurudishwa ikionekana safi kuliko ilivyotoka.

Ukilazimika kuipuliza, weka taa ndani yake gizani. Nukta moja ya mwanga yatosha kuitupa, ingawa kukosekana kwa nukta si thibitisho kuwa ni nzima. Ile filta ndogo ya ndani isipulizwe kamwe; hubadilishwa tu.

Kwa maoni ya mwandishi, lori la changarawe lisifungwe filta ya pamba. Linunuliwe ya karatasi, yenye mikunjo mingi iliyosimama sawa na mpira usiobonyea ovyo, na ibadilishwe kipimo kinapoonyesha alama nyekundu. Bei ikiwa ya chini kupita kiasi, huenda ni bandia. Sheria ya mwaka 2008 ya kupambana na bidhaa ghushi haijazimaliza madukani.

Kabla ya kulaumu filta, pitisha kidole ndani ya bomba linaloelekea kwenye tabo. Ukikuta vumbi, kagua kibano, mpira wa bomba na ule mdomo wa mpira chini ya chombo cha filta unaotoa vumbi. Ukipasuka, filta hujaa kabla ya wakati wake. Ya akiba isirushwe nyuma pamoja na mbuzi. Ibaki katika sanduku lake, nyuma ya kiti cha dereva, hadi siku ya kufungwa.