Mafundi wa Chumba cha Giza

Fungua Photoshop uangalie upande wa kushoto wa skrini, kwenye safu ya alama za vifaa. Utaona kiduara kilichoshikizwa kwenye kijiti, na chini yake mkono uliokunjwa, vidole vikiacha tundu katikati. Vijana ninaofanya nao kazi huvitumia kutwa: kiduara kupunguza giza usoni mwa bibi harusi, mkono kuongeza giza pale flashi ilipochoma ukuta. Wachache kati yao wanajua kuwa hivi ni vifaa vya kweli. Kiduara kilikuwa kipande cha kadibodi kilichofungwa kwenye waya. Mkono ulikuwa mkono wa fundi, ndani ya chumba cha giza, chini ya taa nyekundu.

Mashine ya kukuzia ilipitisha mwanga kwenye negativu hadi kwenye karatasi ya picha. Pale mwanga ulipokaa zaidi, karatasi ilitoka nyeusi zaidi ikisafishwa kwa dawa. Kwa hiyo fundi asiyetaka uso uzame gizani aliuzibia mwanga kwa sekunde chache kwa kile kikadibodi, akikichezesha muda wote ili ukingo wake usiache mstari. Akitaka anga ikolee, alifunika picha nzima kwa viganja na kuacha mwanga upenye kwenye tundu la vidole. Hakukuwa na kurudi nyuma. Ukikosea, karatasi imekwenda, na karatasi ilinunuliwa kwa pesa.

Thomas na John Knoll, walioiunda Photoshop, walikulia Ann Arbor, Michigan, kwa baba mhadhiri wa chuo kikuu aliyekuwa na chumba cha giza ndani ya nyumba yake. Mwaka 1987 Thomas, akisomea shahada ya uzamivu, aliandika programu ndogo ya kuonyesha picha kwenye Macintosh yake. John alikuwa akifanya kazi Industrial Light & Magic, kampuni ya picha za hila za filamu za Star Wars, naye akaona programu ile inaweza kufika mbali. Adobe waliiingiza sokoni Februari 1990. Ndugu wale walichukua ufundi wa mikono walioujua tangu utotoni wakautia ndani ya mashine.

Naeleza haya kwa sababu nimechoka kusikia kwamba kazi yetu ilifika Pwani pamoja na intaneti. Mimi najiajiri hapa Mombasa. Natengeneza tovuti na kurekebisha picha: hoteli ndogo za Mji wa Kale, maduka ya Biashara Street, wapaka hina, madrasa. Na kila ninachokifanya kwenye kompyuta kilikuwa kikifanywa na watu wa mji huuhuu kabla sijazaliwa, kwa mkasi, penseli na dawa za chupa.

Pwani yetu ina ukoo mrefu wa picha. A. C. Gomes, Mgoa, alikuwa na studio Unguja katika karne ya 19. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio hapohapo Mji Mkongwe. Mombasa, kuanzia miaka ya 1940, N. V. Parekh aliwapiga picha maharusi, mashoga wawili waliovaa sare, vijana wenye suti za kuazima, watoto waliofanyiwa akika. Picha zake zimeonyeshwa hata ng'ambo, na ukizitazama unaona mpangilio uliofikiriwa: mkono umewekwa wapi, kidevu kimegeuzwa kiasi gani, pindo la nguo limeangukaje.

Babu yangu mzaa mama hakuwa na studio. Alikuwa mrekebishaji, mtu ambaye jina lake halikuandikwa nyuma ya picha. Kazi yake ilikuwa negativu. Alikuwa na meza iliyolala mshazari, katikati ina kioo chenye ukungu, na chini yake kioo cha kujitazamia kilichotupa mwanga wa dirishani juu. Negativu aliiweka pale, akaipaka kidogo dawa iliyonuka tapentaini ili penseli ishike. Kisha alichonga penseli ngumu kwa msasa mpaka ncha yake ikawa ndefu na nyembamba kama sindano.

Kwenye negativu kila kitu kimepinduka. Mkunjo wa uso, ambao kwenye picha ni mstari mweusi, kwenye negativu ni ufa mweupe unaopitisha mwanga. Babu aliuziba ufa ule kwa vidoadoa na visehemu vya duara vidogo mno, kimoja kimoja, bila kukandamiza. Risasi ya penseli ilizuia mwanga, na mkunjo ukafifia kwenye karatasi. Akizidisha, uso ulitoka laini kama sahani, na hilo alilichukia. Alipenda kumwambia mama: “Mtu asipoteze miaka yake, apoteze uchovu wake tu.” Sijapata kusikia kanuni bora ya kurekebisha picha, na nimesoma vitabu vingi vya fani hii.

Kanuni hiyo naikumbuka hasa linapokuja suala la rangi ya ngozi. Filamu za rangi za Kodak, kwa miongo mingi, zilipimwa katika maabara kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe. Ngozi yake ikitoka sawa, mashine imekaa sawa. Ngozi nyeusi na za kahawia zikatoka zimezama, meno na macho tu ndiyo yanaonekana. Inajulikana kuwa kampuni ilianza kulishughulikia tatizo hilo kwa dhati pale wauzaji wa fanicha na wa chokoleti walipolalamika kuwa rangi za kahawia za bidhaa zao hazitofautiani. Malalamiko ya watu yalikuwa hayajatosha. Mafundi wa studio zetu hawakungoja hilo litatuliwe. Waliongeza taa, wakasogeza shuka jeupe karibu na shavu, na wengine walipiga nyeusi na nyeupe kisha wakatia rangi kwa mkono, kwa pamba na rangi za mafuta.

Mama wa bibi harusi bado huniambia, “Mwanangu, mng'arishe kidogo.” Namwelewa, kwa kuwa mara nyingi anachokitaka ni mwanga, na mwanga namtilia. Naufungua uso, navitoa vivuli chini ya macho, dhahabu ya shingoni naiacha iwake. Rangi ya binti siigusi. Vitufe vya siku hizi vinavyojidai kurekebisha picha vyenyewe humfanya Mdigo afanane na mtu asiyetambulika na shangazi yake, na huo si urekebishaji.

Lamu kulikuwa na mtu aliyekwenda mbali kuliko wote. Omar Said Bakor, aliyefariki 1993, hakusomea upigaji picha shuleni. Katika Bakor Studio, aliyoifungua miaka ya 1960, alikata picha kwa mkasi, akazibandika juu ya nyingine, akazipiga tena, akazichanganya na maua na maandishi, mpaka uso wa mtu ukatokea mahali ambapo uso haukai. Wataalamu wa nje wameandika juu yake, na ni haki yake. Mimi natazama kazi zake kwa jicho la fundi: ukingo aliukata kwa pembe gani usionekane, mwanga wa picha ya juu na wa picha ya chini aliulinganishaje. Photoshop yenyewe haikuwa na leya mpaka toleo la tatu, mwaka 1994. Kabla ya hapo ukibandika kitu juu ya kingine kimeganda, na uwezo wa kurudi nyuma hatua nyingi ulikuja 1998. Bakor alikuwa ameshafariki. Leya zake alizipanga kwa gundi, na mkasi haurudi nyuma.

Upande wa Likoni, miaka ya 1990, wapiga picha walisimamisha vibanda karibu na feri. Nyuma ya mteja walitundika mapazia yaliyochorwa maghorofa, meli, ndege, na mbele wakapanga maua ya plastiki. Wengi wa wateja walikuwa watu wa bara waliokuja kutafuta kazi, na picha ilipelekwa nyumbani kuonyesha kuwa mtu amefika. Wapo waliowacheka wapiga picha wale. Mimi naona walijua jambo ambalo wateja wangu wa hoteli hunilipa nilifanye: mtu anaonyeshwa mahali anapotaka kuwa, na pazia lazima lichorwe vizuri kiasi cha kumheshimu.

Picha ilipoingia kwenye tovuti, mwanzoni ilikuwa mgeni. Tim Berners-Lee alipoibuni kule CERN, Uswisi, kati ya 1989 na 1991, tovuti ilikuwa maandishi. Mojawapo ya picha za kwanza kabisa za watu kuwekwa humo, mwaka 1992, ilikuwa ya kikundi cha wanawake waimbaji wa hapohapo CERN, Les Horribles Cernettes. Nayo ilipitia Photoshop kwanza. Yaani picha za watu kwenye tovuti zilianza zikiwa zimerekebishwa. Mwaka uliofuata Marc Andreessen na Eric Bina, Chuo Kikuu cha Illinois, walitoa kivinjari cha Mosaic, na picha ikakaa pamoja na maneno katika ukurasa mmoja.

Hapa kwetu tatizo lilikuwa uzito. Mpaka 2009 Kenya ilitegemea setilaiti, na kwenye saiba za mjini ulilipia dakika. Kwa modemu ya kilobiti 56, picha ya kilobaiti 100 ilichukua zaidi ya sekunde 14 hata laini ikiwa nzuri, na laini haikuwa nzuri. Nilijifunza kazi wakati huo, na bado naushukuru. Faili ya GIF ilibeba rangi 256 tu, basi ukaamua: bahari ichukue ngapi, mlango wa kuchonga uchukue ngapi. Ukurasa tuliupanga kwa majedwali, na nafasi kati ya vitu tukaishika kwa kipicha cha pikseli moja kisichoonekana, kilichovutwa kwa upana uliotakiwa. Picha kubwa tuliikata vipande ili ifike kidogo kidogo, mteja aone angalau paa la hoteli yake kabla dakika hazijamwishia.

Mwaka 2009 mikongo ya TEAMS na SEACOM ilifika Mombasa kupitia baharini, na mambo yakabadilika kwa miezi. Sikatai neema hiyo. Lakini nawaona vijana wakipakia picha ya megabaiti nane kwenye ukurasa wa muuza viungo ambaye wateja wake wako Kilifi na Kwale, wenye simu ndogo na bando la siku moja. Uzito bado unalipiwa na mtu.

Studio nyingi zimefungwa. Negativu zao zimo kwenye masanduku ya viatu na makopo ya biskuti, juu ya makabati, katika joto na unyevu wetu. Filamu za asetati zikianza kuoza hutoa harufu ya siki, kisha hujikunja na kupasuka, na moja iliyooza huharakisha zilizo jirani. Kwa sasa kazi ninayoipa saa zangu nyingi ni hiyo: familia moja ya wenye studio imenikabidhi masanduku yake, nami naziskani na kuwatengenezea tovuti.

Skana haikutusumbua. Kilichotuchukua muda ni wanawake. Mwanamke aliyeingia studio akavua buibui mbele ya kamera alimwamini mwenye studio, na picha ilikwenda kwenye albamu iliyofunguliwa chumbani, kwa wenyewe. Wengi wao sasa ni bibi zetu, wengine marehemu. Mjukuu mmoja wa familia ile alitaka zote zitoke, kwani ni historia ya mji. Shangazi yake akamwambia, “Historia ya mji ndiyo, lakini uso ni wa mwenyewe.” Nilikaa upande wa shangazi. Mapazia, mitaa, maduka, watoto wa chuoni, mabaharia na wazee wa baraza tunavitoa. Picha za wanawake zinaskaniwa kwa ubora uleule na kuhifadhiwa kwenye diski inayokaa kwa shangazi.

Kijana ninayefanya naye kazi alipendekeza tuzitoe nyuso zikiwa na ukungu. Nimekataa. Uso uliofutwa humfanya mtu aonekane mtuhumiwa, na hawa hawana kosa lolote. Mahali pa picha hizo kwenye tovuti tumeandika mwaka, aina ya filamu na pazia lililotumika, basi. Anayedhani bibi yake yumo huja na mtu mzima wa nyumbani kwao, hukaa na shangazi wakafungua diski pamoja, na wakimpata mimi humchapishia nakala bila malipo.